Siku Tuliyokwenda Kumhudumia Bibi Nakijwa

Siku hizi nikikutana na mtu njiani akaniuliza, "Mama Eliya, leo umepika nini?" sijui kama ananisalimia au ananisema, maana aibu niliyoivuna kwa Bibi Nakijwa imeshapanda na kushuka mlima huu wote, na nilifedheheka nikiwa nimevaa kitenge cha sare ya kanisa, ili hata asiyenijua ajue nimetokea wapi.

Umoja wetu wa wanawake usharikani una desturi. Kila mwezi tunachagua mjane au mgonjwa mmoja, tunakwenda kumfanyia msaragambo, yaani kazi ya pamoja: tunakandika ukuta, tunachota maji, tunaokota kuni, tunapika makande, tunakula naye, tunaomba, tunaondoka. Mimi ni katibu. Pia ni mpiga picha (cheo hicho hakuna aliyenipa, nilijipa mwenyewe siku niliponunua simu yenye kamera nzuri). Neno linasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, lakini mimi nilikuwa naijulisha mikono yote miwili pamoja na kundi zima la wasapu la usharika, mpaka watoto wetu walioko Moshi na Dar.

Siku hiyo zamu ya kuleta mahindi ilikuwa yangu, nami nikayasahau nyumbani. Nilifika kwa Bibi Nakijwa na simu, kitabu cha nyimbo na uso wa huruma, mahindi hakuna, na kwangu ni mteremko wa kwenda na mlima wa kurudi. Nikasema moyoni, Bwana atatoa.

Tulimkuta bibi uani anahangaika kutafuta vikombe vya wageni. Mwenyekiti wetu, Mama Mbonea, akamshika mkono akamkalisha kwenye kigoda.

"Bibi, leo hugusi kitu. Leo wewe ni mgeni."

"Mgeni kwangu mwenyewe?"

"Ndiyo. Tumekuja kukutumikia."

"Haya, asanteni. Ila huko jikoni nimetundika..."

"Bibi, kaa!" tukasema wote kwa pamoja, kwa upendo, lakini ule upendo wa kufokea.

Wenzangu wakaenda kukanyaga udongo wa kukandikia, mimi nikaingia jikoni. Sasa hapa mnielewe: mimi ni mzaliwa wa Kihurio, bondeni, kwetu mbegu inanunuliwa dukani imepakwa dawa ya rangi, na huku juu nililetwa na ndoa. Kwa hiyo nilipoinua macho nikaona mahindi yamefungwa kwa maganda yake, yananing'inia juu ya mafiga, meusi tii kwa masizi, nilichofikiria ni kimoja tu: maskini bibi wa watu, chakula kinamwozea darini hana hata nguvu ya kukishusha. Bwana ametoa!

Nikayashusha. Kabla ya lolote nikajipiga picha nimeyakumbatia, nikaituma kundini na maneno haya: "Tunaanza kazi." Kisha nikayapukuchua, nikaosha masizi, nikatwanga, nikachanganya na maharage, nikatia na magadi yaive haraka, na magunzi nikayachochea motoni yakaisha yote.

Makande yalitoka, jamani. Wanawake wamerudi wana udongo mpaka viwikoni, wanakula wanaguna. Bibi Nakijwa akatafuna polepole, akatafuna tena, akanitazama.

"Mwanangu, mahindi haya matamu. Umeyatoa wapi?"

Hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Lakini Mama Mbonea alikuwa ananiangalia, na zamu ilikuwa yangu.

"Nimekuja nayo, bibi."

"Basi kama yamebaki ambayo hujapika nigawie hata kiganja, nichanganye na mbegu yangu. Yanafanana kabisa."

Nikasema nitaangalia. Nilikuwa bado naangalia (naangalia sahani) simu ya bibi ilipolia. Ni binti yake wa Moshi, na bibi husikiliza simu kwa sauti ya juu, ameishika mbali kama kaa la moto.

"Mama, shikamoo. Mbona mbegu umegawa yote na mvua ndiyo hiyo inakuja?"

"Marahaba. Mbegu gani?"

"Si hii ninayoiona kwenye picha? Katibu wenu kaikumbatia kama kombe la mpira!"

Bibi akanyanyuka, akaingia jikoni. Akatoka. Akatazama mawingu yaliyokuwa yanajikusanya upande wa bondeni, akatazama sufuria. Ndipo nikafahamishwa, na watu kama sita kwa wakati mmoja, kwamba mbegu hutundikwa juu ya moshi ili isibunguliwe, kwamba ile aliachiwa na mama mkwe wake, na kwamba bila ile hapandi kitu vuli hii, na asipopanda hali.

"Mama Eliya," Mama Mbonea akasema taratibu, "tumekuja kumlisha mjane, tumemlia shamba."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Kesho yake nikaanza kupita nyumba kwa nyumba na kikapu kuomba mbegu ya aina ile, na Bibi Nakijwa akaja nami kuichagua, maana mimi kuchagua mahindi nilikuwa nimeshakatazwa. Kila tulipobisha hodi walimwona bibi yuko mbele, mimi nyuma na kikapu na macho chini. Bibi anasema tu, "Nimewaletea mwanangu huyu, ana shida."

"Maskini! Na bado kijana. Mume yupo?"

"Yupo," nasema.

"Pole sana, mama."

Nyumba moja nikapewa mbegu na mkungu wa ndizi. Nyingine wakaniongezea kanga iliyopauka. Nikajitetea, "Hapana mama, mimi si..." Bibi akanifinya mkono.

"Pokea. Ukikataa unamnyima mwenzio baraka."

Nikapokea. Nikaombewa na kuombewa, nimesimama uani kwa watu na mkungu kichwani.

Mbegu ilitosha shamba lote, kasoro kipande cha chini kule mtoni. Mvua ikanyesha, nikapanda mwenyewe kwa jembe langu, bibi ameketi anasema, "Fukia vizuri, mwanangu."

Nimeapa sitashusha tena kitu kilichotundikwa jikoni kwa mtu, hata kiwe kimeandikwa jina langu. Ila nadhani kiapo kimechelewa. Kwenye kikao cha mwezi huu Mama Mbonea aliuliza nani ana jina la mhitaji wa kutembelewa, Bibi Nakijwa akanyoosha mkono, akasimama, akapendekeza Mama Eliya. Alisema hali yangu bado haijakaa sawa. Wakapiga makofi, likapita.

Wanakuja Jumamosi. Mume wangu anasema nitulie, ni upendo wa Kikristo. Mimi nimeshanunua kufuli la jikoni.