Makala Isiyotutaja

Profesa alikuwa akiniita "sista" kila alipohitaji kitu. "Sista, niokolee na hii," alisema siku ya kwanza, akiweka sanduku la vioo juu ya meza yangu. Kwenye vioo hivyo kulikuwa na vipande vyembamba vya nyama kutoka kooni mwa wagonjwa wa saratani. Alitaka kuona ndani yake mambo ambayo hadubini za chuo chake hazingeweza kuonyesha.

Yetu ingeweza. Vyuo na hospitali kadhaa viliitumia kwa pamoja, na mimi ndiye niliyekuwa mwanasayansi wa kuisimamia, katika jengo lisilo mbali na mtaa wa Jamhuri. Tulikuwa na sharti moja: ukichapisha picha zilizotoka kwetu, utaje maabara yetu. Wafadhili walipouliza tumefanya nini, tuliwaonyesha makala zilizotutaja. Hatukuwa na jibu lingine.

Nilimpa Jumamosi zangu. Rangi alizotumia zilififia upesi chini ya mwanga, nikajaribu njia hii na ile hadi seli zikajitokeza moja moja. Alipoziona kwenye kompyuta alinishika bega. "Sista, hii ni kazi yako na yangu."

Makala ilipotoka niliisomea nyumbani, mtaa wa Satellite. Picha zangu zilikuwa zimepewa nafasi ya mbele, na chini yake imeandikwa kwamba zilipigwa katika maabara ya mwandishi. Maabara ya mwandishi haikuwa hata na pazia la kuzuia jua. Mwishoni alimshukuru mkewe, wachungaji wake na Mwenyezi Mungu. Sisi hatukuwemo.

Nilimpigia simu. "Aah, sista, space ilikuwa kidogo. Next time, eh?"

Haukupita muda bosi wangu akaniita. Kamati ya wafadhili ilikuwa inaona hadubini yetu haizai matunda, na mkataba wa mafundi wake huenda usifanywe upya. "Nionyeshe makala moja kubwa inayotutaja," akasema. Sikuwa nayo. Tangu siku hiyo nilimchukia profesa kwa utaratibu. Niliamka nikimchukia na kupiga mswaki nikimchukia.

Nafasi ikaja yenyewe. Jarida lilimtaka aweke picha asilia wazi kwenye mtandao ili watafiti wengine wazikague. Hakuwa amezihifadhi. "Sista, nitumie zote vile ziko. Naziweka leo leo."

Vile zilivyo! Wasaidizi wake walikuwa wameandika jina kamili la mgonjwa kwenye kila faili, pamoja na hospitali yake, ingawa nilikuwa nimewakataza. Nilimjua profesa, hangefungua hata moja kukagua. Angezimwaga mbele ya dunia, kisha kamati ya maadili imtafune mzima mzima. Nilichotakiwa kufanya ni kumtii tu. Nikazipanga faili, nikaandika anwani yake, na nikajiona nikitabasamu kwenye kioo cha kompyuta.

Ndipo nikaona jina la mama mmoja wa kanisani kwetu. Huimba kwaya, na Jumapili nyingi hukaa mbele yangu. Alikuwa ametuambia kwamba vidonda vya tumbo ndivyo vinavyomkondesha. Hata binti zake waliamini hivyo.

Nikaufuta ujumbe ule. Hasira haikupungua hata kidogo, lakini kisasi changu hakingepitia kooni mwa mama yule.

Nilitoa majina kwenye kila faili, nikachimbua na yale yaliyojificha ndani yake, nikaweka namba. Wagonjwa walikuwa wamekubali picha zao zitumike bila majina, na kamati ya maadili ikaniruhusu nizitoe. Nikaziweka mimi mwenyewe kwenye hifadhi ya wazi, na juu yake nikaeleza zilipigwa wapi, kwa mashine gani na nani. Kisha nikamwandikia mhariri wa jarida nikitaka makala isahihishwe, nakala kwa mkuu wa chuo cha profesa. Mashine huacha alama yake kwenye kila picha. Hapakuwa na la kubishana.

Profesa alifika akiwa amekunja mikono ya shati. Usista ulikuwa umekwisha.

"Madam, si ungeniambia kwanza?"

"Nilikuambia. Ukasema nafasi ni kidogo."

"Unaniharibia jina."

"Jina lako liko pale pale. Limeongezewa letu."

Akaomba sahihisho la jarida liseme kwamba kosa lilikuwa la mwanafunzi. Nikamsogezea kiti, nikamwambia aandike ni lake. Akaandika, nikiwa nimesimama nyuma yake, na sitadanganya: nilifurahi hadi tumboni.

Sahihisho lilichapishwa, likitutaja. Bosi alilipeleka kwa kamati ya wafadhili, na mkataba wa mafundi ukafanywa upya. Mimi nililipeleka kwenye duka la uchapaji, River Road, nikalichapishe kwa ukubwa wa bango. "Madam, hii ni ya harusi ama ya matanga?" fundi aliuliza. Nikamwambia ni ya kazi, aitie plastiki isiharibike.

Nililibandika kwenye mlango wa chumba cha hadubini. Profesa bado huja, maana hana kwingine. Hunisalimia, husubiri wanafunzi waliotangulia wamalize, na muda wote huo hukaa akiutazama mlango.