Mshibishe Panya Kwanza, Ndipo Umwite

Nakumbuka mchana mmoja pale Idodi, kijijini kwa wakwe zangu, jua limekaa juu ya mabati, mama mkwe wangu akaacha kupepeta mchele akaniuliza swali kuhusu panya. Lilikuwa swali dogo, mwanangu, lakini nimelibeba mpaka uzee huu. Nitakusimulia ninavyokumbuka. Nimeishia darasa la saba, na kukumbuka kwangu siku hizi kuna matundu, kwa hiyo ukiona mahali nimejipendelea, punguza mwenyewe.

Nakuandikia leo kwa sababu ya wale panya wako wawili weupe. Asubuhi ukitoka umeniambia, "Bibi, usiwape kitu kabisa. Nikirudi nataka wapige ile kengele ya tunduni niwachukue video." Sikukukatalia. Nimekaa nao hapa sebuleni, mtaa wa Soweto, baridi ya Mbeya imenishika magoti, na wao wameshika waya za tundu kwa vidole vyao vidogo, kama watu walio dirishani, wananitazama. Sisemi wewe ni mkatili. Unawabadilishia maji, unawatandikia makaratasi, na siku yule mdogo alipopiga chafya ulikosa raha siku nzima. Nasema tu kwamba kazi hiyo ya kufundisha panya naijua. Niliifanya kabla mama yako hajazaliwa.

Nilikuwa bibi harusi mgeni. Babu yako Festo alinitoa huku Mbeya akanipeleka kwao Idodi, kwa mama yake, kisha akarudi kwenye lori, maana alikuwa utingo. Alikuwa mtu mwema, ila wema wake ulikuwa barabarani muda mwingi. Mimi nikabaki na mama mkwe, nyumba ya tope iliyopigwa bati, shamba la mpunga, na lugha ambayo sikuijua. Wao Kihehe, mimi Kinyakyusa. Tukikutana katikati tunaongea Kiswahili, cha kwangu kibovu na chake kibovu zaidi.

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Naomba ulishike hilo. Hakunipiga, hakunitukana, wala hakunisema kwa majirani. Lakini alikuwa na namna yake. Neno "vizuri" alilitoa kidogo sana. Nikiamka mapema nikajaza mitungi yote, anaipita kimya. Nikijaza na kufagia uwanja, anaipita kimya. Siku nikijaza, nikafagia, nikapika na kumaliza palizi ya tuta lote, ndipo anasema, "Haya, vizuri." Basi hilo "vizuri" moja nilikuwa nalila wiki nzima.

Na kulikuwa na jambo la mama yangu. Habari zilikuja kwa mdomo wa dereva mmoja kwamba miguu yake imevimba na anatembea kwa kushika ukuta. Nikaomba niende kumwona. Mama mkwe akasema, "Tuvune kwanza." Nikavuna kama niliyepandwa na mashetani. Nikaomba tena. "Tupure kwanza." Tukapura. "Tuuze kwanza, halafu tutaona." Kwa desturi niliyoikuta nyumbani pale, mkamwana haendi kwao mpaka mama mwenye nyumba amtoe mwenyewe. Hatoroki. Akitoroka, ameachika. Kwa hiyo nilingoja, na kila nikingoja nilizidisha kazi, nikidhani labda kazi ndiyo ufunguo.

Wakati huo ndipo nilipompata panya. Alikuwa panya buku, wale wakubwa wenye mkia mrefu uliogawanyika rangi, ncha yake nyeupe. Tulikuwa tunahamisha magunia ya karanga tukamkuta mtoto peke yake. Mama mkwe alishainua mchi. Festo, ambaye kwa bahati alikuwepo siku hiyo, akasema, "Mama, mwachie mgeni. Apate wa kuongea naye." Mama mkwe akashusha mchi. Unaona, hata hapo alikubali.

Nikamwekea debe, nikafunga wavu wa waya. Jina nikamwita Bwana Shamba, kwa sababu panya buku ana mifuko mashavuni. Anakusanya punje mpaka uso unavimba, halafu anakutazama kama afisa kilimo aliyekuja kukagua mazao yako na anaondoka na sampuli. Watu walicheka jina hilo. Mama Yusta, jirani yetu, kila akipita alikuwa anauliza, "Huyu ananenepeshwa kwa ajili ya Krismasi au Pasaka?"

Mimi nilimfundisha. Kwanza kuja akiitwa. Halafu kusimama kwa miguu miwili. Halafu kubwa kuliko yote: nilimfundisha kutapika punje za mashavuni ndani ya kopo nikiligonga, na kupewa karanga moja kwa malipo. Watoto walikuwa wanajaa uani. Nikigonga kopo, ta ta ta, Bwana Shamba anakuja mbio, anamwaga mahindi yake, anasimama na kunyoosha mikono. Watoto wanapiga kelele! Na mimi, ambaye hakuna aliyekuwa ananijua isipokuwa kama mke wa Festo, nikawa mama wa panya. Nilifurahi. Sitaficha. Nadhani ndiyo furaha pekee niliyokuwa nayo mwaka ule.

Sasa, ule mchana. Watoto wameondoka, mimi nafunga wavu. Mama mkwe yuko kivulini na ungo wake. Akauacha mapajani.

"Mkamwana, hivi huyu mnyama unamfundishaje?"

"Namnyima kwanza, mama."

"Unamnyima nini?"

"Chakula. Akishiba hasikii mtu, analala. Akiwa na njaa kidogo, si sana, anafanya chochote unachotaka. Na nikimpa, simpi yote. Namwonjesha tu, ili kesho aje tena."

Kuku akaja akadonoa kwenye ungo, hakumfukuza.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Hakuna mtu. Nimejifunza tu hapa hapa nyumbani."

Mwanangu, nilijibu bila ubaya. Nimejiuliza mara nyingi. Naona nilijibu bila ubaya. Au labda ubaya ulikuwepo kidogo chini ya ulimi, mtu hajui yote yaliyomo ndani yake. Nilichojua ni kwamba neno lilipotoka niliona uso wake umebadilika, nikashikwa na hofu. Akasimama, akaingia ndani, akaacha mchele kwa kuku. Nilijua nimekwisha. Nilijua safari ya kwa mama ndiyo imekufa hivyo.

Kesho yake akatoka na bakuli la karanga zilizomenywa, zimejaa mpaka juu.

"Mshibishe," akasema. "Zote. Halafu fungua mlango umwite."

"Atakimbia, mama."

"Hilo ndilo nataka tulione."

Sikuweza kukataa. Nikampa Bwana Shamba karanga, akala, akajaza mashavu, akala tena. Watoto walishasikia, uani pamejaa, na Mama Yusta yuko mbele kabisa na kanga yake kiunoni. Nikafungua wavu. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikagonga kopo, ta ta ta. "Bwana Shamba! Njoo!"

Alitoka. Akanusa upepo. Hakukimbia, mwanangu, hilo ndilo lililoniuma. Laiti angekimbia ningesema ameogopa watu. Alitembea taratibu kando ya ukuta, mashavu yamejaa, kama mtu mwenye shughuli zake, akafika kwenye mikonge ya mpakani. Nikagonga kopo mpaka likabonyea. Ncha nyeupe ya mkia wake ikaingia chini ya mikonge ikapotea.

Mtoto mmoja akapaza sauti, "Bwana Shamba kaenda semina!"

Ua wote ukacheka. Na mimi nikalia mbele ya watu, mwanamke mzima, nimeshika kopo.

Mama mkwe akawafukuza watoto. Mama Yusta naye akataka kukaa, akaambiwa, "Wewe pia, nyumbani kwako hakuna moto?" Akaondoka ananung'unika. Tulipobaki wawili, mama mkwe alikaa chini karibu yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Hakuwa anakusikia wewe," akasema. "Alikuwa anaisikia njaa yake. Wewe ukadhani anakupenda."

Nikajifuta pua.

"Usimfundishe yeyote hivyo tena. Wala panya, wala mtoto, wala mtu." Akachora mavumbi kwa kidole. Kisha akasema, sauti imeshuka, "Na mimi nilidhani hivyo hivyo. Nilikuona unakimbia huku na huku, nikasema, huyu mkamwana ananipenda kweli."

Hakusema samahani. Kutoka kwa mtu wa umri wake kwenda kwa mkamwana, hilo neno halikuwepo. Alichofanya ni kukamata jogoo. Akachinja yeye, akapika yeye, mimi nimekatazwa kugusa jiko. Na wakati wa kupakua akaniwekea firigisi. Firigisi, mwanangu! Nyama ambayo pale nyumbani alikuwa anapewa baba mkwe akiwa hai, na baada yake Festo tu. Nikasita. "Kula," akasema, "kula mpaka ushibe." Akakaa ananitazama, yeye hajagusa chake, mpaka nikasukuma sahani.

"Kesho kuna lori la mpunga linakwenda Mbeya. Nimeongea na dereva. Nenda kwa mama yako."

"Nirudi lini, mama?"

"Sikupi siku."

Nilipanda lori lile na mchele na karanga. Nilidhani ni mtego. Halafu nikadhani nimeachwa kwa heshima. Tulipofika Nyololo ukungu ulikuwa umefunika barabara, dereva akasimama tule viazi, na nikiwa nimeshika kile kiazi cha moto nikajiambia: sirudi. Kwa nini nirudi? Nilikuwa nimeshiba na mlango uko wazi. Nilimwelewa Bwana Shamba vizuri sana pale Nyololo.

Mama yangu nilimkuta hai. Nikamkanda miguu, nikampikia, nikamfulia. Aliniuliza, "Wanakutendea vizuri huko?" Nikashindwa kusema ndiyo na nikashindwa kusema hapana, nikamwambia, "Nimepewa firigisi." Akacheka mpaka akakohoa. Nilikaa mpaka akaanza kutembea bila ukuta. Hakuna aliyetuma ujumbe kuniita. Hata Festo alipita na lori akanisalimia, akasema, "Mama amesema nisikuulize," akaendelea na safari yake.

Na siku moja nikafunga mzigo nikarudi Idodi. Usiniulize kwa nini hasa. Ningeweza kukuandikia kwamba ni upendo, na ingependeza, lakini sina hakika. Nadhani nilirudi kwa sababu sikuitwa. Niliondoka kwa mama na mkungu wa ndizi, na nilipokaribia ile mikonge niliona mama mkwe yuko mlangoni anamenya maboga. Hakuruka wala kupiga vigelegele. Akatazama mzigo, akatazama uso wangu.

"Kamwene," akanisalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, mama."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama."

"Haya. Ingia."

Sitakudanganya kwamba tokea hapo tuliishi kama malaika. Aliendelea kununa, nami niliendelea kujibu kwa mkato. Lakini hakuninyima tena ruhusa wala neno. Na alipougua mwishoni, mimi ndiye niliyemlisha uji, na kabla ya kijiko cha kwanza alikuwa ananiuliza kama nimekula. Bwana Shamba hakurudi. Wakati mwingine tulikuta gunia la karanga limetobolewa na Mama Yusta akasema ni Bwana Shamba. Mimi sijui. Panya ni wengi.

Nimechoka, mwanangu. Nimeishi muda mrefu nikiona watu wakifundishana kwa njaa: tajiri na kijana wake wa kazi, mzazi anayetoa tabasamu siku ya matokeo tu, na hata yule kijana anayekupigia simu akijisikia kisha anakaa kimya mpaka unakonda. Simsemi vibaya, simjui vya kutosha, labda ana shida zake. Lakini nakuona unavyoruka simu ikilia, nami nasikia kopo likigongwa, ta ta ta.

Basi nasaha yangu ni hii. Unayetaka akusikie, mshibishe kwanza, mfungulie mlango, ndipo umwite. Akija, huyo amekuja. Asipokuja, hukumpoteza, maana hukuwahi kuwa naye. Na wewe mwenyewe, usimpe mtu moyo wako siku una njaa. Kula kwanza. Kaa na watu wanaokupa neno jema bila kulifanya ujira. Ukishashiba, angalia miguu yako inataka kwenda wapi, uifuate hiyo.

Panya wako nimewalisha. Wamekula mkate na kipande cha karoti, sasa wamelala mmoja juu ya mwingine, na mlango wa tundu nimeuacha wazi, ila wa sebule nimefunga kwa ajili ya paka. Kengele wataipiga wakitaka. Kasirika kidogo, nitavumilia.

Mungu akushibishe, mwanangu, kabla hajakutuma popote. Akupe nyumba ambayo unaweza kutoka bila kutoroka, na mtu mlangoni atakayekutazama usoni kabla ya kuutazama mzigo wako. Na siku akikuuliza kama umeshiba, Mungu akujalie ujibu ndiyo, na iwe kweli.