Jarife Lilipomkamata Wajina Wangu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, someni mpaka mwisho ndipo mcheke. Mimi niliishia darasa la nne, na kuandika kunanichosha kuliko kulima, kwa hiyo sitazunguka. Nimemwonea wivu nyangumi. Bado namwonea.

Mjukuu wangu wa kike nilimlea mimi tangu alipoachishwa ziwa, hapa hapa kwetu karibu na Nyololo. Nilimbeba mgongoni kwenye ukungu na manyunyu, akakua, akasoma, akamaliza chuo kikuu. Nikajua atarudi na kazi ya watu: ualimu, unesi, hata bibi misitu, maana miti kwetu imejaa. Yeye akaenda pwani kuangalia nyangumi na pomboo.

Kazi yenyewe alinieleza. Wanakaa kwenye boti wanasubiri. Nyangumi akiinua mkia wanampiga picha, kwa sababu chini ya mkia kila mmoja ana mabaka yake, na akirudi mwaka mwingine wanamjua. Wanawafuata wenye boti za watalii kuwaambia wapunguze mwendo, wasiwakimbize pomboo wenye watoto. Wanakaa na wavuvi wanazungumza wapi pa kutega nyavu na wapi paachwe.

Nikamuuliza, "Na hao samaki wanajua kama unawaangalia?"

"Si samaki, bibi. Wanazaa, wananyonyesha, kama sisi."

"Samaki," nikasema.

Kilichoniuma ni mwezi wa saba. Ndio wakati nyangumi wanapanda kutoka kusini, kwenye bahari ya baridi, wanakuja kuzalia kwenye maji yetu ya uvuguvugu. Na ndio wakati baridi ya huku kwetu inaingia mpaka kwenye meno. Zamani miezi hiyo tulikuwa tunalala naye kitanda kimoja, miguu yake ndani ya miguu yangu. Sasa yule anayetoka kwenye baridi yake ana mtu wa kumsubiri. Mimi niliyebaki kwenye baridi yangu nasubiri simu.

Krismasi moja akaja na picha: mkia mweusi wenye baka jeupe upande mmoja.

"Bibi, huyu ni wajina wako. Tumempa jina lako."

Sasa nieleweni vizuri. Kwetu nyumbani jina la bibi hupewa kitukuu, na bibi mwenye jina hutoa kitenge cha kumbebea huyo mtoto. Changu nilikuwa nimeshakiweka sandukuni tangu mjukuu anaingia chuo. Jina ninalo moja tu. Naye kalitoa kwa samaki.

"Huyu nitambeba na nini?" nikamuuliza.

Mwanangu wa mwisho, ninayekaa naye, akadakia, "Mama, huyo mchukulie robota zima la vitenge." Wakacheka wote, mkwe wangu mpaka akaweka sufuria chini.

Mimi sikucheka. Nikamwambia anirudishie jina langu. Akasema wenzake wameshazoea, na siku hizi wanamwita Bibi tu, kwa heshima. Alipoondoka sikumsindikiza stendi. Simu zake sikupokea. Akipiga kwa mwanangu, nasema mwambie niko kinyunguni, kule bondeni tunakolima wakati wa kiangazi. Nasema hivyo nimekaa jikoni naota moto.

Mwezi wa saba uliofuata nilikuwa kinyunguni kweli, napalilia viazi. Nikamwona mdogo wangu wa Rujewa anateremka, mfuko wa mchele kichwani, khanga nyeusi kiunoni, binti yake nyuma. Aliponiona na jembe mkononi akasimama.

"Dada, limekuachia?"

"Nini?"

"Jarife."

"Jarife ni nini?"

"Mimi nitajuaje? Ugonjwa ni wako."

Binti yake akatoa simu, akanisomea ujumbe ambao mjukuu wangu alikuwa ameandika asubuhi kwenye kundi la ukoo: "Bibi kakamatwa na jarife. Anapumua kwa shida. Mtoto wake yuko pembeni, hataki kumwacha. Muombeeni."

Mdogo wangu ni mtu wa bara, anajua mpunga na ng'ombe. Neno hilo hakuwahi kulisikia, na mtoto aliyeko pembeni akajua ni mwanangu wa mwisho. Akampigia, hakupatikana, alikuwa msituni hakuna mtandao. Basi akafunga mchele wa msiba, mchele mzuri wa Madibira, akapanda gari. Njiani akaomba kwa sauti, abiria wakaitikia amina. Basi zima limemwombea samaki.

Siku ile mjukuu wangu alikuwa na bibi mmoja tu, na hakuwa mimi.

Nikachukua ile simu, nikampigia mwenyewe. Akapokea analia. Jarife ni wavu, akasema, wavu mrefu wa macho makubwa. Umejizungusha kwenye mkia wa wajina wangu, akitaka kuzama unamrudisha, na mtoto anamzunguka tu. Wanakata kamba kwa kisu kilichofungwa kwenye mti mrefu.

Kilio kile kilinitia wivu. Mwaka niliolazwa na nimonia alikuja, aliniuguza vizuri, sina neno. Lakini hakulia hivyo.

"Wavu wa nani?" nikauliza kwa ukali.

"Wa mzee mmoja wa hapa. Tuko naye botini. Amesema tuukate wote."

Mtu kukata wavu wake ni sawa na mimi kuswaga ng'ombe waingie kwenye viazi vyangu. Hakuna anayefanya hivyo kwa ajili ya samaki.

"Na mtoto, bado ananyonya?"

"Bado, bibi."

"Basi acha kulia. Mwenye kisu halii. Kateni."

Tukakaa kwenye tuta. Mdogo wangu akaanza kunung'unika. "Nimekuja kukuzika, hata chai sijapewa." Nikamchimbia viazi, tukapanda nyumbani kuvichemsha. Tulikuwa tunamenya ndipo simu ikaita.

"Tumeukata, bibi. Wameondoka wote wawili." Halafu akasema, "Na wewe hujambo?"

"Hilo lilitakiwa liwe la kwanza," nikamwambia. Lakini jina langu sikulidai tena.

Mdogo wangu akafungua ile khanga nyeusi kiunoni, akaikunja.

Asubuhi niliwaita wote uani, nikatoa amri, na haikujadiliwa. Chimbeni viazi, mjaze gunia. Mchele wa msiba hauliwi pasipo msiba, nao ufungwe. Kitenge changu kitoke sandukuni kiwekwe juu, maana mwenye jina lazima atoe kitenge. Vyote vipelekwe stendi, vipakiwe kwenye gari la pwani, viende kwa yule mzee aliyekata jarife lake. Na juu ya gunia andikeni kwa herufi kubwa, mjukuu wangu atakayevipokea aone kabla ya mtu mwingine: Vimetoka kwa Bibi, yule wa kwanza.