Hatua Tisini na Sita

Kila asubuhi, kabla magari hayajaanza kuingia, babu yangu Ladislas alisimama kwenye ukuta wa nyuma wa maegesho yetu ya magari mtaani Point, huku ugenini kusini, kizibao chake cha njano mwilini, akaanza kutembea kuelekea langoni. Alihesabu hatua kwa sauti ya chini. Moja, mbili, tatu, mpaka tisini na sita. Hapo alisimama, akavua kofia, akairudisha kichwani. Baada ya hapo ndipo mtu angeweza kumsalimia.

Miaka kumi na tisa amelinda magari pale. Mama yangu, Bernadette, ni binti yake. Anauza chai na mandazi kando ya lango, na mimi nimekulia nyuma ya ndoo yake ya unga. Dominiki, Mtanzania anayelinda upande wa pili, hakumwachia Babu asubuhi hata moja bila utani.

"Mzee, leo umefika Yerusalemu?"

"Bado. Punda amegoma."

"Punda yupi tena?"

"Huyo anayeuliza maswali."

Zilikuwa hatua za kanisa. Kijijini kwao, Burundi, Babu akiwa na miaka ishirini na miwili, watu walitaka kujenga kanisa la mawe na hapakuwa na utepe wa kupimia. Mchungaji akamtazama miguu, akasema, "Ladislas, wewe twiga, pima wewe." Akapima. Kutoka chemchemi mpaka kona ya kwanza ya msingi, hatua tisini na sita. Halafu vita vikaja. Kanisa likachomwa, mawe ya kuta yakabebwa, mihogo ikapandwa juu, wenyewe wakatawanyika. Mama yake Babu amelala nje ya kona ile. Msalaba wake ulikuwa wa mti, uliungua siku moja na kanisa.

Ndiyo maana habari za Hekalu alizisimulia kama habari za jirani. Jinsi Nebukadneza alivyokuja na jeshi, akachoma, akabeba vyombo vya dhahabu, akawapeleka watu Babeli. Na jinsi Ezekieli, akiwa huko huko uhamishoni, alivyoonyeshwa mtu mwenye mwanzi wa kupimia.

"Hekalu lilikuwa majivu miaka kumi na minne," Babu aliniambia siku moja, mkono wake ukimwita mwenye Toyota arudi nyuma. "Na yule mtu anapima lango, anapima ukuta, anapima chumba. Njoo, njoo, kata kulia, basi! Unaelewa? Kitu hakipo, na kinapimwa."

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Fabien, mjukuu wa kaka yake Babu, alipiga simu kutoka kijijini. Watu wamerudi kutoka makambini, wanataka kujenga upya juu ya msingi wa zamani, ila hakuna anayejua uko wapi. Babu alitabasamu peke yake siku nzima, hata kwa wenye magari wasiosalimia. Dominiki akaazima utepe kwa fundi wa jengo la jirani, wakapima hatua za Babu toka ukutani mpaka anaposimama. Mita hamsini na tatu. Tukamtumia Fabien.

Baada ya wiki simu ikalia wakati wa chai.

"Babu, tumechimba pale pale ulipotuambia. Ni udongo mtupu."

"Chimbeni zaidi."

"Tumefika kiunoni, Babu. Kamati wanasema labda umesahau. Mwezi huu ukiisha bila kuupata, wanajenga kule barabarani, na huku panabaki shamba. Watalima pote, hata penye makaburi."

Babu alirudisha simu mfukoni. Akaenda kwenye ukuta wa nyuma, akazitembea hatua zake. Akarudi, akazitembea tena. Mara tatu, na mara zote aliishia kwenye nguzo ile ile ya taa.

Mimi si msemaji, lakini hilo nilikuwa nimeliona zamani.

"Babu, nilipokuwa mdogo tisini na sita ilikuwa inafika kwenye mfuniko wa mtaro. Nilikuwa nakaa juu yake, ukifika unanisukuma na kiatu. Siku hizi unaishia kwenye nguzo."

Kati ya nguzo na mfuniko yanaenea magari matatu. Babu akatazama nguzo, akatazama mfuniko, mwishowe akatazama goti lake, lile bovu.

"Eish!" Dominiki akapiga kofi. "Mzee, miguu imekupunguzia Yerusalemu!"

"Basi Fabien aongeze," mama akasema.

"Aongeze ngapi?" Babu akakaa kwenye kreti. "Hata mfuniko ule ni wa mguu wa mtu wa miaka hamsini na kitu. Aliyepima alikuwa kijana, na kijana huyo sinaye. Lakini nikisimama chemchemini mwenyewe, kona nitaijua. Kilima kinainama pale kwa namna yake."

Mama alielewa kabla yangu.

"Karatasi yako ya ukimbizi, ukirudi nchi ile, imekwisha."

"Najua."

"Huku huji tena."

"Najua, Bernadette."

"Kule iko nini, baba? Mihogo! Yeremia aliwaandikia nini wale wa Babeli? Si wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, waombee mji ule amani? Mimi nimejenga. Mtoto huyu nimemzalia hapa."

"Yeremia alisema kweli. Na mfalme Koreshi alipofungua mlango wa kurudi, wengi walibaki, na mimi siwalaumu."

"Basi baki!"

"Walikuwepo na wazee walioliona Hekalu la kwanza. Siku msingi mpya ulipowekwa, vijana walishangilia, wazee wakalia, mpaka mtu hajui kipi kilio kipi shangwe. Sasa hao vijana, mwanangu, nani angewaambia la kwanza lilikuwaje?"

Mama akageuza mandazi ambayo yalikuwa yameiva pande zote.

Siku nne hawakusemezana. Chai ya Babu niliipeleka mimi, ikiwa na sukari zaidi ya kawaida. Siku ya tano mama alishuka kwenye teksi ya Umbilo akiburuta sanduku la mtumba lenye magurudumu, akalisimamisha mbele ya Babu.

"Waliobaki Babeli waliwapa wanaoondoka vyombo na wanyama wa kubeba mizigo. Usiseme sijasoma. Punda wako huyu."

Dominiki akalivuta, gurudumu likalia.

"Na anaongea! Kama wa Balaamu!"

Babu alicheka mpaka akashika goti. Mama hakucheka. "Ukilipata kaburi la mama yako," akasema, "safari hii mwekee msalaba wa chuma."

Jumanne Babu alifika saa yake ile ile. Kizibao alikitundika kwenye uzio. Aliniwekea mkono kichwani, akamshika mama mikono yote miwili. Kisha akaenda na sanduku lake kwenye ukuta wa nyuma, akaanza. Dominiki ndiye aliyehesabu, kwa sauti ya mnadani.

"Tisini na nne! Tisini na tano! Tisini na sita!"

Kwenye nguzo Babu alivua kofia, lakini hakusimama. Akaukanyaga mfuniko, akapita ndoo ya unga, akapita lango, akavuka kwenye roboti, zile taa za barabarani, gurudumu likilia, akashika njia ya teksi bila kugeuka. Dominiki aliendelea kuhesabu mpaka mia moja sabini na nane. Hapo mwenye gari mmoja akapiga honi, anataka kutoka, na upande wa Babu hapakuwa na wa kumwelekeza.