Kuulilia Mchele kwa Kuchelewa

Juzi, kwenye intaneti kafe hapa Kyela mjini, nilikuwa nangoja kusomewa salamu za mwanangu wakati mfanyabiashara mmoja wa mchele kutoka Ngonga alipopiga meza kwa kiganja, macho kwenye jukwaa la majadiliano la mtandaoni.

"Eti mchele wa Kyela siku hizi haunukii, tunauchanganya! Huyu namjibu."

Dada mwenye kafe akachungulia kompyuta ya yule baba. "Baba, hii mada ni ya miaka iliyopita. Ilishazama chini kabisa ya jukwaa, hakuna anayeiona. Ukijibu, inapanda juu."

"Ipande! Mchele nauza mimi."

Akajibu kwa kidole kimoja, akihema kama anatwanga. Kwetu mtu akichelewa msiba huingia uani akilia, na wafiwa huinuka wakalia naye upya. Nadhani alitegemea hayo. Badala yake wakamiminika wastaarabu wa jukwaani: "Soma tarehe, mzee!" "Acha kufukua makaburi!" Na kila aliyemkaripia aliisukuma mada juu zaidi, kashfa ya mchele ikiwa kichwani pake. Sijapata kuona walinzi wa makaburi wanaopokezana jembe namna ile.

"Sasa inafutwaje?" mfanyabiashara akauliza.

"Haifutwi, baba. Nyamaza tu, itazama yenyewe."

Alikuwa karibu kunyamaza. Lakini kwenye kompyuta ya jirani alikaa mama mmoja aliyeshuka kutoka Mbeya kununua mchele. Akageuza kiti, akamtazama vizuri.

"Kwani, baba, huwa mnachanganyaga na wa wapi?"