Orodha ya Waliotoka Mulekera

Kila asubuhi kabla ya Misa ninasoma karatasi moja. Mungu ameniachia macho ya kuisomea, na ninamshukuru.

Nilikuwa karani wa parokia yetu hapa Butembo familia zilipofika zikikimbia mauaji upande wa Mulekera, kule Beni. Kila aliyeingia nilimwandika kwenye daftari: jina, umri, alikotoka, mahali anapolala. Mwalimu mmoja wa kompyuta, aliyetumwa kwetu kutoka Kasai, alijitolea kuyaingiza yote kwenye kompyuta kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ili tuyatume kwa barua pepe kwenye parokia ya Beni, ambako ndugu walikuwa wakitafutana. Aliyaweka katika kitu alichokiita kamusi: unataja jina, nayo inakupa habari za mwenye jina.

Orodha ya kwanza ilitoka kama rundo. Mabano, alama za kunukuu, koma, watu wote wamebanana bila mstari kukatwa. Karani wa Beni akanipigia simu.

"Papa, munatutumia kitu gani hii? Tunasoma mpaka macho inauma. Kuko mama mumoja hapa anatafuta binti yake. Tumemusomea mara mbili. Hapana."

Mwalimu akairekebisha. Kila mtu akapata mstari wake, umri na kijiji vikiwa chini yake, vimesogezwa ndani kidogo, na nafasi tupu kati ya mtu na mtu. Akaichapa. Nilipitisha kidole nikimshukuru Mungu kwa ustadi wake, kisha kidole kikasimama.

Kwetu jina hufuata mfuatano wa kuzaliwa. Binti wa pili wa nyumba hii na binti wa pili wa nyumba ile huitwa jina moja. Kwa haraka ya siku zile, nilikuwa nimeandika jina hilo peke yake.

"Mwalimu, hapa binti wa pili ni mumoja tu. Kwenye daftari yangu wako bane."

"Mais papa, jina moja, mutu moja, donc..." akabisha, akichanganya Kifaransa chake.

"Kwetu hapana."

Akalivuta daftari, akawahesabu wote wanne. Kila mwenye jina hilo alipoingizwa, kamusi ilimfuta aliyetangulia. Ndani ya rundo hakuna aliyeweza kuona. Mimi, niliyefundisha dini mabinti wa jina hilo maisha yangu yote, sikumwonya.

Siku hiyo hiyo tulimpa kila mtu namba yake, tukatuma upya. Binti wa yule mama alikuwa wa tatu kati ya wale wanne. Jibu la Beni lilikuwa fupi: mama alipoambiwa hapana, alirudi kumtafuta mwanawe kwenye shamba lao kule Mulekera. Hajaonekana tena.

Nilikwenda kwenye ukumbi wa parokia, nikamweleza binti yote, pamoja na kosa langu. Aliomba karatasi, akasoma mstari wake polepole.

"Papa, yangu inaonekana muzuri," akasema. "Sasa andika ya mama."

Safari hii niliuliza jina la kuzaliwa, la ubatizo, la mume, la kijiji. Niliandika yote kwenye karatasi hii. Mahali anapolala pamebaki wazi, na hapo ndipo ninapoanzia kusoma.