Membe Waliotaga Kwenye Maegesho

Kila msimu wa kutaga, mlinzi wa hifadhi ya pwani huzungushia ufukwe kamba, na ndiyo maana wenzake humwita Mama Kamba. Kazi yenyewe ni kugombeza watu. Mchana kutwa anapaza sauti: mfungeni huyo mbwa, kaka hilo bango si la kuanikia taulo. Jioni hufika nyumbani sauti imemkauka, na mumewe husema huo ndio wakati pekee wa amani ndani ya nyumba.

Mwaka huu hakuwa na nafasi ya kukosea. Msimu uliopita bahari ilipanda ikazoa mayai yote ya membe, wale ndege weupe wenye utosi mweusi, na mkuu wa hifadhi akasema wazi: "Safari hii nisipoona kifaranga akiruka kutoka ufukweni, naufungua kwa wageni. Siwezi kulinda mchanga mtupu."

Basi Mama Kamba akasomba mchanga kwa toroli mpaka akapata kilima pale ufukweni kisichofikiwa na maji. Membe hutua pale wanapoona wenzao wametua, kwa hiyo akamwomba shemeji yake, fundi seremala, achonge ndege wa mbao, awapake rangi na kuwapanga kilimani. Mama Kamba mwenyewe akaenda kumuuguza mama yake kwa siku kadhaa.

Aliporudi, kilima kilikuwa kitupu. Kelele zilitoka ng'ambo ya barabara, kwenye maegesho ya magari yaliyomwagwa kokoto nyeupe. Membe walikuwa wamejaa tele, wameatamia mayai, na katikati yao wale wa mbao wametulia kama wenye nyumba.

"Shemeji, nilikwambia uwaweke wapi?"

"Kilimani. Lakini rangi ilikuwa mbichi, shemeji! Mchanga ungewaganda wote. Nikawaanika hapa kidogo tu."

"Kidogo!"

"Sasa ningejuaje kwamba wenzao hawatasubiri rangi ikauke?"

Mama Kamba alishika kiuno. Akaenda kuchukua kamba.

Mkuu alipokuta maegesho yamefungwa, alikuja juu. "Ondoeni hivyo vinyago!"

"Tukiviondoa, wenye mayai nao wataondoka."

"Na gari langu niliweke wapi?"

"Kule njia panda, Mkuu. Ni matembezi mazuri."

"Tulikubaliana ufukweni, mama. Maegesho hayahesabiki."

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Vifaranga walipoanguliwa na kupata nguvu, walianza wenyewe kuelekea baharini, kama ilivyo desturi yao, ila sasa njiani kulikuwa na barabara. Mama Kamba akasimama katikati ya lami, mikono ameitanua, malori yakimpigia honi. Vifaranga walifika nusu, wakageuka.

"Si huko! Huko ndiko mlikotoka! Jamani, hawa wamelelewa na nani?"

Shemeji aliwaswaga polepole kwa ubao, huku wazazi wao wakimshukuru kwa kumdonoa kichwa. Leo wawili wanavuka, kesho mmoja anarudi.

Hatimaye kifaranga mmoja alisimama juu ya kilima, akapiga mbawa, akaruka. Mkuu alimwona kwa macho yake, akiwa ndiyo kwanza anatoka njia panda, viatu vimejaa mchanga.

"Haya," akasema kwa shingo upande. "Mwakani tunaufunga tena ufukwe."

"Nashukuru, Mkuu. Sasa tafadhali usirudi nyuma hata kidogo. Yupo mmoja nyuma ya kisigino chako."